Udongo uliohama shambani umelala wapi?

Ramani yangu ya kwanza ya mmomonyoko ilikuwa na rangi tatu: nyekundu vilimani, njano katikati, kijani mbugani, kwenye tambarare ya chini. Niliipeleka kwenye kijiji kimoja cha Chamwino, nikaitandaza mezani, nikaeleza. Mzee mmoja mwenye shamba mbugani akaniuliza, "Sasa mwanangu, hapa kwangu pa kijani ndiyo kusema niko salama?" Nikamjibu ndiyo. Hakubisha, alinipeleka tu shambani kwake. Mtaro aliouchimba miaka michache nyuma ulikuwa umejaa mchanga hadi ukingoni, na mtama umefukiwa nusu shina.

Hesabu zangu zilikuwa sawa. Ila sikuwa nimeiuliza modeli, yaani kanuni ya kukadiria mmomonyoko, udongo ule unaishia wapi.

Kanuni niliyoitumia ni ya Wischmeier na Smith wa Marekani, iliyochapishwa 1965 na kuboreshwa 1978: A = R × K × LS × C × P. R ni nguvu ya mvua, K ni wepesi wa udongo kuchukuliwa na maji, LS ni urefu na ukali wa mteremko, C ni uoto, P ni hatua za hifadhi kama makinga maji. Unazidisha, unapata A, yaani tani za udongo unaopotea kwa hekta kwa mwaka. Kipimo chake cha msingi ni kishamba cha majaribio chenye urefu wa mita 22 hivi, kwenye mteremko wa asilimia 9, na chini yake tangi la kukinga maji na tope. Kilichoingia kwenye tangi kinahesabiwa kimepotea. Vijijini hakuna tangi pale chini. Kuna shamba la jirani.

Na sisi tulikuwa na vishamba vya namna hiyo Mpwapwa tangu miaka ya 1930. Kilichoachwa wazi kilipoteza takribani tani 146 kwa hekta kwa mwaka, kilicholimwa nafaka tani 78, chenye nyasi karibu sifuri. Milimita moja ya udongo kwenye hekta nzima ni mita za ujazo 10, kama tani 13. Kwa hiyo tani 78 ni milimita 6. Kwa kasi hiyo, sentimita 15 anazogeuza mkulima kwa jembe zinakwisha kwa miaka 25.

Ndiyo maana C hunisumbua kuliko mteremko. Wengi huweka wastani wa mwaka mzima, lakini Dodoma mvua za kwanza za Desemba hukuta shamba limeshasafishwa na mabua yameliwa na ng'ombe. Mvua moja ya siku hizo inaweza kufanya kazi ya mwezi mzima wa Machi. Wastani huificha.

Modeli zinazofuatilia utuaji, yaani udongo unapotua, kama WaTEM/SEDEM ya Leuven, Ubelgiji, hugawa bonde katika pikseli, vipande vidogo vya mraba, na kuuliza kila moja: maji yakifika hapa yanaweza kubeba kiasi gani? Mzigo ukizidi uwezo, ziada inatuliwa hapohapo. Mteremko ukilegea, au maji yakikuta ukanda wa nyasi, kwanza unashushwa mchanga mzito, kisha udongo laini zaidi; udongo wa mfinyanzi ndio husafiri mbali. Basi mzee alipata mchanga, bwawa lililo chini zaidi likapata tope.

Kuna mtego hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanajiografia wa Uswidi Anders Rapp na wenzake walipima mashapo, yaani tope na mchanga uliotua, kwenye mabwawa ya Dodoma, yakiwemo Ikowa na Matumbulu, na vipimo vya aina hiyo ni hazina. Lakini ukirekebisha modeli kwa tope la bwawa peke yake, mmomonyoko mkubwa wenye utuaji mkubwa utakupa jibu lilelile la mmomonyoko mdogo wenye utuaji mdogo. Lazima utafute ushahidi mashambani. Baadhi yetu hupima sizimu-137, elementi yenye mionzi iliyoanguka na mvua baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ikashikana na udongo wa mfinyanzi. Ikipungua mahali, udongo umeondoka, ikizidi, umekuja. Shida ni kwamba huku kwetu ilianguka kidogo kuliko kaskazini ya dunia, na kila miaka 30 nusu yake inatoweka.

Mimi bado naamini zaidi fimbo, utepe na miguu. Pikseli ya mita 30 inameza kinga maji lenye upana wa mita moja, inameza na mpaka wa nyasi. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyoamua mchanga ulale wapi, kwa hiyo naviingiza kwa mkono, kimoja kimoja.

Ramani ya pili ilikuwa na rangi ya bluu kwa mahali panapofukiwa. Mzee alilitafuta shamba lake, akaliona, kisha akauliza kama njia ya ng'ombe inayoteremka kutoka kwa shemeji yake imo. Haikuwemo. Akachukua fimbo yake, mimi nikachukua utepe.