Jina Moja Kwenye Hati

Kabla sijatandaza ramani, huwa namuuliza mkulima: msimu huu umepanda nini? Jibu lake hunieleza hali ya milki yake kuliko faili lolote la ofisini. Anayehofia kunyang'anywa shamba hupanda mazao ya miezi mitatu, avune aondoke. Hachimbi makinga maji, hatii samadi, wala hapandi mti wa matunda utakaoanza kuzaa baada ya miaka minne. Wapo wanaomwita mvivu, nami hunikera sana, maana nani ajichoshe kulistawisha shamba la atakayemfukuza? Udongo huchoka, mavuno hupungua, na ghala huwa tupu mapema.

Kazi yangu ni upimaji na urasimishaji wa milki za ardhi, na ninaziamini hati. Kinachonitia hofu ni pale panapojazwa jina. Kabla ya kupimwa, kipande kimoja hubeba haki za watu wengi. Familia fulani hulima wakati wa mvua. Baada ya mavuno, wafugaji huingiza mifugo kula mabua na kuacha samadi. Wanawake huokota kuni na kuchota maji kwenye kisima kilicho ukingoni. Anafika mpimaji, anaandika jina la baba mwenye nyumba, basi. Waliobaki hawakufukuzwa na mtu, ila hawakuandikwa. Siku baba akifariki, mjane aliyelima shamba hilo maisha yake yote anaambiwa na mashemeji kwamba hati haimtaji.

Miongozo ya Hiari kuhusu milki ya ardhi, uvuvi na misitu, iliyopitishwa na Kamati ya Usalama wa Chakula Duniani tarehe 11 Mei 2012, inataka haki zote halali zitambuliwe, zikiwemo za kimila ambazo sheria bado haizilindi. Hata kiashiria 1.4.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa kinapima mambo mawili: nani ana hati inayotambulika kisheria, na nani mwenyewe anaona haki zake ziko salama. Hilo la pili nalithamini mno, kwa sababu ndilo linaloamua kama mti utapandwa.

Kwa hiyo mipaka tuitembee na majirani wote wakiwepo. Wanawake wapate pia kikao chao peke yao, maana wengi hunyamaza mbele ya wakwe. Tuulize nani hupita hapa kiangazi. Mke na mume waandikwe wote wawili, na njia ya mifugo na kisima vichorwe kama mali ya pamoja. Kazi hii huchukua wiki nyingi, na wafadhili wanaohesabu hati hawaipendi.

Halafu kuna daftari la ardhi lenyewe. Ada ikiwa kubwa na ofisi ikiwa mbali, warithi hawaendi kusajili, na baada ya kizazi kimoja daftari hujaa majina ya marehemu. Ndiyo maana nikiitwa kwenye mradi mpya, naanza kwa kuuliza: mrithi atalipa kiasi gani kubadili jina, na atasafiri umbali gani?