Je, wajua kwa nini mpira wa gofu unakimbilia kushoto hata ukipiga safi?

Unakuta mtu anapiga weji, ile fimbo fupi ya kuinua mpira juu, safi kabisa, mpira unaruka vizuri halafu unaishia kushoto, kila siku kushoto, na kila mtu uwanjani anamwambia arekebishe swingi, yaani namna anavyozungusha fimbo. Jamani, kabla hujagusa swingi hebu angalia kwanza hiyo fimbo.

Kila aironi, yaani fimbo yenye kichwa cha chuma, ina pembe kati ya shafti (mpini wake) na ardhi, inaitwa lai, kwa aironi namba 7 mara nyingi ni kama digrii 62 hivi au 63. Sasa ukiwa mfupi, au mikono yako inakaa chini, ncha ya kichwa cha fimbo (upande ulio mbali nawe) inainuka na kisigino (upande wa shafti) ndo kinagusa nyasi, kwa anayepiga mkono wa kulia mpira unaenda kushoto. Mrefu mambo yanageuka, unaenda kulia.

Kwa nini lakini? Shika simu wima, kioo kikiangalia mbele, siyo kwako, kisha inua upande wa kulia: kioo bado kinaangalia mbele. Sasa ilaze kidogo kioo kiangalie juu, inua tena upande uleule, unaona kimegeukia kushoto? Ndo maana fimbo yenye lofti kubwa, yaani uso uliolala nyuma zaidi kama hiyo simu, inaumia zaidi. Weji ya lofti 46 ikikosea lai digrii 2, uso unageuka karibu digrii 2, yaani kwenye mita 100 umekosa kama mita 3 na nusu, wakati aironi namba 4 yenye lofti 22 haifiki hata digrii 1.

Na usipime ukiwa umesimama tu, kwa sababu ukipiga mikono inapanda na shafti inapinda ncha ikishuka. Chora mstari wima kwa maka pen nyuma ya mpira, mstari uelekee uso wa fimbo, piga, kisha soma alama iliyobaki usoni mwa fimbo. Ikiwa wima uko sawa, ikilalia kwenye ncha lai imesimama mno (pembe kubwa mno), ikilalia kisigino imelala mno (pembe ndogo mno).

Wengi wetu tunaanza na seti za mtumba, kwa hiyo ukikuta aironi za kampuni ya PING tazama ile nukta ya rangi inayoonyesha lai: nyeusi ni ya kawaida, bluu imesimamishwa kidogo, nyekundu imelazwa. Fundi mwenye mashine anaweza kuipinda shingo ya fimbo, aironi za chuma laini cha kufuliwa zinakubali kirahisi, zile za kumiminwa kwenye kalibu ni ngumu na zinaweza kuvunjika, hivyo muulize kwanza ni chuma gani.