Je, wajua kwa nini sumaku haitoshi kutambua sarafu bandia ya dhahabu?

Hapa Nairobi, ukiletewa sarafu ya dhahabu ya Kenya ya mwaka 1966, ile yenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, huenda muuzaji akatoa sumaku akuonyeshe kwamba haishiki. Ni kweli, dhahabu haivutwi na sumaku. Lakini shaba nayo haivutwi, wala risasi, wala fedha. Sumaku itamnasa tu aliyetumia metali inayovutwa nayo, kama chuma.

Kinachomshinda mwigaji ni kupata uzito na ukubwa kwa pamoja. Rangi si kazi: tabaka la dhahabu jembamba kuliko unywele linatosha kung'arisha kipande cha shaba. Ila sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, na ya shaba karibu gramu 9. Sarafu ya shilingi 100 ya mwaka 1966 ni ya karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu safi, na ina gramu 7.6. Ya shaba yenye upana na unene uleule haifiki gramu 4. Akitaka kufikisha uzito, itambidi aifanye nene au pana kupita kiasi.

Kwa hiyo tafuta sonara mwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pimeni sarafu ikiwa kavu. Kisha wekeni kikombe cha maji juu ya mizani, mizani irudishwe sifuri, sarafu ining'inizwe kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala kando. Namba itakayotokea ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito kwa ujazo: karati 22 itakupa kati ya 17 na 18, shaba itakupa 9. Nakipenda kipimo hiki kuliko vyote kwa sababu hakiiachii sarafu alama. Asidi huiachia, meno pia, na kwa wakusanyaji alama hushusha bei.

Ukiwa na lenzi, kagua sehemu zilizoinuka, hasa shavuni na kwenye nywele. Dhahabu ya kweli ikilika, chini yake ni dhahabu ileile. Iliyopakwa juu ya shaba huanza kuonyesha wekundu. Mstari ukizunguka ukingoni, au vitundu vya mapovu, shuku kwamba ilimiminwa kwenye kalibu.

Metali inayoweza kudanganya maji ni tangisteni, yenye gramu 19.25 kwa sentimita moja ya ujazo. Lakini ni ngumu mno kuchongeka, na wadanganyifu huificha zaidi ndani ya vipande vikubwa vya dhahabu kuliko ndani ya sarafu ndogo kama hii.