Ndege Unaiona, Lakini Umeshachelewa

Kile kidole nimekichoka. Abiria anafika kaunta ya kusajili abiria na mizigo imeshafungwa dakika 20 zilizopita, anageukia kioo, ananyoosha kidole na kuniambia, "Lakini dada, ndege si ile pale?" Ndiyo, ni ile pale. Na itaendelea kuwa pale kwa dakika nyingine 40. Wewe huendi nayo. Nimelieleza jambo hili kwa upole, nimelieleza kwa ukali, nimelichora nyuma ya lebo ya begi, na wiki hii nimelieleza tena kwa mzee mmoja na wanawe, wote wakisaidiana kunyoosha vidole. Basi leo naandika.

Imani yenyewe ni kwamba ndege ni kama basi: ukilikuta stendi, unapanda. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi watu huichukulia kuwa ndiyo saa ya mwisho ya kufika. Siyo. Ile ni saa ambayo milango ya ndege inatakiwa iwe imeshafungwa na ndege inaanza kuondoka kwenye maegesho yake. Kabla ya hapo geti, yaani mlango wa kwendea kwenye ndege, limefungwa, kwa mashirika mengi dakika 15 au 20 mapema. Na kabla ya geti, kaunta. Kwa safari za kimataifa kaunta hufungwa kwa kawaida dakika 60 kabla ya kuondoka, ingawa yapo mashirika yanayofunga dakika 45 kabla, na mengine 75 au hata 90. Namba yako imo kwenye masharti ya tiketi yako. Najua hakuna anayeyasoma. Soma huo mstari mmoja tu.

Kwa hiyo ukitaka kujua ufike lini, sahau saa ya kuondoka. Tafuta saa ya kufunga kaunta, kisha rudi nyuma kutoka hapo.

Dakika 60 zote hizo za nini? Hapa ndipo watu hudhani tunakwenda kunywa chai. Begi lako likishuka kwenye mkanda linapita kwenye mashine ya ukaguzi, na likitiliwa shaka linafunguliwa. Kisha linapangwa, linapakiwa kwenye toroli au kontena, linavutwa hadi kwenye ndege na kuingizwa tumboni. Wakati huohuo kuna mtu anakokotoa uzito: abiria wangapi, wamekaa upande gani, kilo ngapi mbele, kilo ngapi nyuma. Rubani haondoki bila karatasi ya hesabu hiyo, na mafuta yanajazwa kwa kuangalia uzito huohuo. Taarifa za pasipoti nazo, kwa nchi nyingi, zinatakiwa ziwe zimefika kwa serikali ya unakokwenda kabla ndege haijaondoka. Ukija dakika 40 kabla, huombi kiti tu. Unaomba hesabu zilizofungwa zifunguliwe upya, na kila mtu anayezishika ana saa yake inayomkimbiza.

Halafu kuna kanuni ambayo abiria wengi hawaijui kabisa: begi la kwenye tumbo la ndege halitakiwi kusafiri bila mwenyewe, isipokuwa kama limekaguliwa kwa utaratibu maalumu. Kanuni hii imeandikwa kwa damu. Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India, safari namba 182, ililipuka juu ya bahari karibu na Ireland, na watu 329 walikufa. Bomu lilikuwa kwenye begi ambalo mwenyewe alilipitisha kaunta na hakupanda. Ndiyo maana ukisajiliwa, begi likaingia, halafu wewe ukapotelea madukani, tunalazimika kulitafuta na kulitoa.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vyetu vya mafunzo havisemi. Wakati mwingine tunakusubiri. Begi lako likiwa limezikwa chini ya mengine 200, kulitoa kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kukusubiri wewe dakika sita ukija mbio na kiatu mkononi. Msimamizi anapiga hesabu kimyakimya, anaamua usubiriwe. Unaingia, unahema, unacheka, na umeshajifunza somo la uongo: kwamba ndege husubiri. Hivyohivyo kaunta. Ndege ikichelewa kuingia, msimamizi anaweza kupata ruhusa ya kufungua tena mfumo na kumpokea mtu aliyechelewa. Mwezi ujao mtu huyohuyo anachelewa vilevile, ndege iko kwenye ratiba yake, tunamkatalia, na anasema tuna chuki binafsi. Sijui kama tunafanya sawa kufungua hata mara moja. Ukiwa umesimama mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni, kanuni inakuwa na uzito mwingine. Lakini kwa kutokuwa na msimamo mmoja katika maamuzi yetu, sisi wenyewe tumewafundisha watu kubahatisha.

Twende kwa kundi linaloninyima usingizi kuliko wachelewaji: wale wa "mimi nimeshajisajili mtandaoni". Hongera. Umechagua kiti. Kama unasafiri ndani ya nchi na kibegi cha mkononi, umemaliza kweli. Kwa safari ya kimataifa, mara nyingi bado hujaanza. Simu yako haijawahi kuiona viza yako. Shirika likimsafirisha mtu asiye na karatasi zinazotakiwa, nchi aliyofikishwa inaweza kulitoza faini, na shirika hilohilo linamrudisha alikotoka. Kwa hiyo yule binti wa kaunta anayekuuliza "unakwenda kufanya nini" si mmbea. Anaangalia kwenye Timatic, mfumo wa IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, unaoorodhesha masharti ya kuingia na kupita katika nchi mbalimbali, na kama masharti hayajatimia, pasi yako ya kupandia ndege haina maana hata kama umeichapa kwa rangi.

Na mambo yanayowakwamisha watu si yale wanayoyaogopa. Wanaogopa kilo. Kilo tunazimaliza: unafungua begi hapo sakafuni, unahamisha viatu, unavaa koti mbili, tunasonga mbele. (Ila begi moja likizidi kilo 32, mashirika mengi hayalipokei hata ukilipia, kwa sababu kuna binadamu analinyanyua.) Kinachokwamisha ni pasipoti iliyobakiza miezi minne wakati nchi inataka sita. Ni cheti cha homa ya manjano kilichobaki kabatini. Ni mtoto anayesafiri na mzazi mmoja bila barua ya mwingine, kwa nchi inayoidai. Ni jina la kwenye tiketi ambalo ni la nyumbani, la kwenye pasipoti ni la shuleni.

Na mfalme wao wote ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Mtu anaona nafuu: anakata tiketi moja mpaka mji wa katikati, na nyingine, ya shirika lingine, kutoka hapo kuendelea. Machoni pake ni safari moja. Kwenye mfumo ni safari mbili zisizojuana. Mara nyingi begi linaishia mji wa katikati, na ili kulichukua lazima apite uhamiaji, yaani aingie nchini. Je, ana viza ya kuingia? Hana, kwa sababu alidhani yuko transiti, anapita tu. Wengine ndege ya pili inaondokea uwanja mwingine wa mji uleule, Heathrow na Gatwick za London kwa mfano, na hawajui mpaka tunawaambia kaunta. Mtu huyu akija masaa matatu na nusu kabla, kuna namna: anapiga simu, anabadilisha tiketi, anapunguza mzigo ubaki wa mkononi. Akija saa moja na robo kabla, hakuna ninachoweza kumfanyia zaidi ya kumsikitikia. Foleni katika hali zote mbili inaweza kuwa fupi vilevile. Muda wa ziada ni wa kurekebisha usichojua kuwa kimeharibika.

Hapo ndipo nami nageuka na kugombana na wenzangu, kwa sababu ule wimbo wetu wa "fika masaa matatu kabla" tunauimba kwa wote bila kuchagua. Una viza iliyoandikwa au pasipoti isiyoihitaji, huna begi la kukabidhi, umeshajisajili, shirika halitaki kuona karatasi zako kaunta na uwanja ni mdogo? Masaa mawili yanakutosha, na pengine hata pungufu. Tukikuambia matatu tunajirahisishia kazi sisi. Na maduka ya ndani hayajawahi kulalamika kwamba abiria wamewahi mno.

Kwa upande mwingine yupo anayefika masaa sita kabla, anajisifu, kisha anagundua kaunta za safari yake hazijafunguliwa. Viwanja vingi hufungua kaunta kama masaa matatu kabla. Anajipanga mbele ya kaunta tupu, wengine wanamfuata, na dakika ya kufungua ndiyo foleni inakuwa ndefu kuliko wakati wowote mwingine. Nusu saa au zaidi baadaye, foleni hiyo imeyeyuka.

Foleni ya ukaguzi wa usalama ni mnyama mwingine. Haijali ndege yako. Inajali ndege zote zinazoondoka pamoja nayo. Viwanja vikubwa huenda kwa mawimbi: ndege kumi na kadhaa ndani ya saa moja na nusu, halafu kimya. Ukiangalia ubao wa safari wa uwanja huo siku moja kabla, saa ileile, utaona wimbi lako lina ukubwa gani. Inakuchukua dakika mbili, na itakusaidia kuliko ushauri wangu. Wanaokwenda Marekani waongeze muda bila kubishana, maana wapo wanaokaguliwa mara ya pili getini, na kwenye viwanja kama Dublin na Abu Dhabi uhamiaji wa Marekani unaupita hapohapo kabla hujapanda. Wenye kiti cha magurudumu waombe mapema, saa 48 kabla ni salama.

Kuna mchumi, George Stigler, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1982, anayenukuliwa sana kwa hoja kwamba kama hujawahi kuachwa na ndege, basi unapoteza muda mwingi mno viwanjani. Abiria mmoja wa mjini alinitupia hoja hiyo, akiwa ameachwa. Ni hoja nzuri kwa mtu ambaye ndege inayofuata inaondoka baada ya saa moja na tiketi yake inabadilishwa bure. Njia yenye ndege tatu kwa wiki, tiketi ya bei ya chini isiyobadilishwa, viza inayoanza kuhesabiwa kesho? Hapo kuachwa kunagharimu kuliko masaa mawili ya kukaa kwenye kiti kigumu. Kiasi cha kuwahi kifuate gharama ya kuachwa. Ukubwa wa ndege hauna neno.

Haraka haraka mengine. Safari ya 00:25 tarehe 14 unaiendea usiku wa tarehe 13; wanaokuja usiku wa tarehe 14 ni wengi, na wote wamewahi vizuri sana. Na kufika mapema hakukuzuii kuachwa. Nimefunga geti kwa watu waliokuwa wa kwanza kaunta, kisha wakakaa kwenye mgahawa wakisubiri kuitwa kwa jina. Viwanja vingi vimeacha kutangaza. Angalia skrini, geti hubadilika.

Ukichelewa pamoja na yote haya, usinyooshe kidole. Nenda moja kwa moja kwa mfanyakazi wa shirika lako, si kwa mlinzi, na swali la kwanza liwe kama unaweza kwenda bila begi. Ikishindikana, usikimbilie kununua tiketi ya shirika lingine ili ukaiwahi ndege yako ya pili mji wa katikati. Kwenye tiketi moja, ukikosa kipande cha kwanza cha safari bila shirika kukibadilisha, mfumo kwa kawaida hufuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na cha kurudi nyumbani. Kaa hapo kaunta mpaka uone wamekupangia upya safari nzima, na uondoke na karatasi yake mkononi.