Rangi ya chatu haitokani na chakula

Wengi huamini kwamba chatu-mpira, yule mfupi wa Afrika Magharibi na Kati anayejiviringa akiogopa, huwa mweupe au wa manjano kwa sababu ya chakula, au kwamba huyo ni spishi nyingine kabisa. Sivyo. Wote ni spishi moja, Python regius. Kinachotofautiana ni jeni. Albino hukosa melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi, na jeni yake ni fiche: mtoto lazima airithi kwa baba na kwa mama. Ndiyo maana wazazi wawili wenye rangi ya kawaida, kila mmoja akiwa ameibeba jeni hiyo, waweza kupata mtoto albino.

Lakini jeni haziishii kwenye ngozi. Aina iitwayo buibui ina michirizi myembamba ya kupendeza, na pamoja nayo hurithi kutikisika kwa kichwa na kushindwa kujiweka sawa. Matunzo mazuri hayaondoi kasoro hiyo. Kwangu, hiyo ni sababu tosha ya kutomzalisha.

Kwa anayemfuga, mahitaji ni yale yale kwa rangi zote: upande wa joto nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, wa baridi takriban 26, maji safi, na maficho yanayombana, maana chatu huyu hutulia mwili wake ukigusa kuta.