Mafuta ya nguruwe: ya mbegu na ya hori

"Nguruwe hunenepa kwa ulafi tu."
Nguruwe waliokulia banda moja kwa chakula kilekile bado hutofautiana unene wa mafuta ya mgongoni, na asilimia 40 hadi 50 hivi ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Hata hivyo, usiisingizie mbegu kila kitu. Mahindi na pumba vina uhaba wa laisini, sehemu ya protini inayojenga misuli. Ikikosekana, misuli haijengeki na nishati inayobaki hugeuka mafuta. Hata mbegu konda itanenepa hivyo. Dume aliyehasiwa naye hunenepa kuliko jike.

"Mgongo mwembamba, basi na nyama haina mafuta."
Hili ndilo linalowapotosha wengi. Mafuta ya mgongoni hupimwa kwenye ubavu wa mwisho, sentimita 6.5 kutoka katikati ya uti wa mgongo. Mafuta ya ndani ya nyama, ile michirizi myeupe inayoifanya isikauke kikaangoni, ni sifa nyingine, na uhusiano wake wa kurithi na ya mgongoni si mkubwa. Ndiyo maana mfugaji anaweza kupunguza ya mgongoni bila kupoteza yote ya ndani. Duroc, aina ya nguruwe wekundu, wanasifika kwa michirizi hiyo. Piétrain, aina nyingine iliyo konda kupindukia, hawana mingi. Rangi isikudanganye: mtoto wa Duroc na Large White, aina nyeupe, kwa kawaida huzaliwa mweupe ingawa ana mbegu ya Duroc.

"Akiwa konda zaidi, ndiyo bora zaidi."
Kwa Piétrain wengi, ukonda huo ulikuja pamoja na kasoro ya jeni RYR1. Mwenye nakala mbili za kasoro hiyo, moja ya baba na moja ya mama, anaweza kufa ghafla akisafirishwa au akishtushwa, na nyama yake huwa nyeupe, laini na inayotoa maji. Kipimo cha DNA kipo tangu 1991. Muuzaji wa dume aulizwe majibu ya kipimo hicho.

"Baba na mama huchangia sawa."
Kwa jeni nyingi ni kweli, lakini si kwa jeni IGF2, inayohusika na ukuaji wa misuli. Badiliko lake lililotambuliwa mwaka 2003 huongeza nyama kwa asilimia 3 hadi 4 na kupunguza mafuta ya mgongoni, ila kwenye misuli hufanya kazi nakala ya baba peke yake. Jike akiwa nalo, watoto wake hawaonyeshi kitu. Mwanawe wa kiume aliyelirithi ndiye atakayewafanya wajukuu wawe konda. Kwa hiyo chagua dume mwenye nakala mbili: mwenye moja hulipitisha kwa nusu tu ya watoto wake.