Kabla hujabadilisha kamera, tazama uso wa bi harusi

"Kaka, unatumia kamera gani?" Sijui swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili. Anayeuliza huwa ana kamera nzuri tu shingoni, na picha zake zina ugonjwa uleule: shela limekuwa kijivujivu, uso wa bi harusi umezama gizani. Anaamini kamera ya bei kubwa zaidi itamponya.

Haitamponya, maana kipima mwanga cha kamera hakijui kinamtazama nani. Kimeundwa kudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha wastani kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Shela na kanzu vikijaa kwenye picha, kinaona mwanga umezidi na kuupunguza. Ngozi nyeusi ndiyo inayolipa gharama. Bwana harusi na wapambe wakiwa na suti nyeusi mbele ya ukuta wa rangi nzito, mambo yanageuka: kamera inaongeza mwanga na nyuso zinapauka. Kamera za siku hizi zinatambua uso na zinasaidia, lakini uamuzi bado ni wako. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwenye weupe mwingi, ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, kisha ukuze picha kwenye kioo uone kama darizi za shela bado zipo. Ukiamua kupima uso peke yake, punguza kidogo, la sivyo ngozi nyeusi itapauka kuliko ilivyo.

Halafu kuna jua la Dar. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena katikati ya Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo meusi, uwe na kamera ya laki tano au ya milioni kumi. Msogeze mtu wako barazani, kwenye ukingo wa kivuli, atazame nje kulikong'aa. Coco Beach imeelekea mashariki: ukimsimamisha mtu asubuhi na bahari nyuma yake, jua liko mgongoni mwake, jioni linampiga usoni, tena laini. Ila usichelewe. Huku kwetu jua likizama, giza halikawii.

Zoezi ninalowapa wanaoanza halina gharama. Mweke mdogo wako mlangoni, mpige saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi, kisha saa kumi na mbili kasoro. Simu inatosha. Asiyeona tofauti ya vivuli puani na chini ya macho asiende dukani kwanza.

Sisemi vifaa havina maana. Wanaosema hivyo aghalabu wanavyo. Ukumbini usiku, lenzi inayokuja na kamera ukiivuta inabaki na f/5.6 (namba ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo, na hakuna ufundi utakaofidia pengo hilo watu wakiwa wanacheza. Vivyo hivyo, ukikaa pembeni ya uwanja wa Benjamin Mkapa bila lenzi ndefu, mshambuliaji wa upande wa pili atabaki kidoa.

Kwa hiyo ukiwa na hela ya kitu kimoja, nunua hiyo ya milimita 50 na ubaki na kamera uliyonayo. Ile ndefu ya mpira, kodisha siku ya mechi.